Gari la Kuvuta Nyumba Hadi Kibosho

Jumamosi, 4 Oktoba 2008. Flemingdon Park, Toronto

Leo ni miaka kumi na moja, mwezi mmoja na siku sita tangu nitoke Kibosho. Sijarudi hata mara moja. Miaka ya kwanza tatizo lilikuwa makaratasi. Makaratasi yakapatikana, tatizo likawa aibu.

Asiye Mchagga hawezi kuelewa, ndiyo maana naandika hapa ambapo hakuna wa kunibishia. Desemba watu wetu wote hupanda mlimani. Aliye Dar, aliye Mwanza, aliye Ulaya. Unafika, unafungua mlango wa nyumba yako hata kama ni vyumba viwili, unachinja mbuzi. Asiye na nyumba analala kwa mdogo wake. Watoto wanahamishwa chumba kwa ajili yake, na siku ya tatu shemeji anamuuliza kwa adabu anaondoka lini. Mimi kiwanja ninacho. Baba alinikatia ndani ya kihamba, shamba letu la ukoo, kabla hajafariki. Kimeota majani ya ng'ombe.

Mwezi wa saba nikapata akili. Nyumba nimeshanunua, na iko huku huku Canada. Ina magurudumu.

Aliyeniuzia ni Feroz, Mwismailia wa Moshi. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Yeye sasa ana kampuni ya kusafisha mazulia na nyumba kubwa Markham. Alinunua tela la kulala familia wakienda porini. Mkewe Nazira alilala humo usiku mmoja, akasema hakuvuka bahari ili aje kulala ndani ya kabati. Likabaki mbele ya nyumba miaka minne, majirani wakinung'unika. Lina kitanda, jiko, friji, choo, meza ya kukunja na mapazia yenye picha za bata. Urefu mita tisa. Si tela la kufunga kwenye ndoano nyuma ya gari. Shingo yake inapanda juu ya bodi la pikapu na kukaa kwenye sahani ya chuma, kama matela ya malori ya Zambia.

Mpango: meli ya katikati ya Novemba, Dar, halafu barabara hadi Kibosho. Naliegesha kiwanjani, nazungushia tofali chini. Kufikia Pasaka hakuna atakayekumbuka kwamba nyumba yangu iliwahi kuwa na matairi.

Limebaki gari la kulivuta. Dizeli au petroli. Hilo tu.


Jumanne, 7 Oktoba

Nililiweka swali mezani wakati wa chakula, kwenye ghala tunakofanya kazi Downsview. Kosa.

Sebastian ni wa Kilema, tunapanga chumba pamoja. Hajawahi kumiliki hata baiskeli. Alisema dizeli, na kwamba anayeuliza hajui gari. Dizeli ina nguvu ikiwa bado inatembea polepole, inakula kidogo, na injini inaishi kuliko mwenye gari. Ngugi, Mkenya wa foklifti, akasema petroli. Ameshamiliki magari mawili, yote yakachukuliwa kwa kuegeshwa vibaya. Akaniambia, wewe mzee, utaamka Januari upate dizeli imekuwa samli kwenye tangi. Na bei yake kwenye pampu mwaka huu umeiona? Na fundi wa dizeli akifungua boneti tu, umeuza figo.

Sebastian akauliza ni lori gani limewahi kupanda Kibosho kwa petroli. Hata la padri ni dizeli. Ngugi akajibu kwamba gari la padri huendeshwa na maombi.

Ghala likagawanyika. Wafilipino kwenye dizeli, vijana wa Kisomali kwenye petroli. Mama mmoja wa Jamaika anayebandika lebo akasema kura yake ni punda. Msimamizi akaja kuuliza kwa nini mkanda umesimama. Tumekatwa malipo ya nusu saa.

Mimi niliishia darasa la saba lakini kuchora jedwali naweza. Nimechora. Dizeli mistari sita, petroli mistari sita. Nimelala nalo kifuani.


Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa nilipiga simu nyumbani. Philomena, dada yangu mdogo, ndiye anayekaa na Mama. Alisema jicho la kushoto la Mama limekwisha kabisa. Presha ya macho. La kulia nalo daktari amelipatia mwaka mmoja, pengine usifike. Halirudi likishaondoka. Akasema Mama hasemi kitu kingine siku hizi ila kwamba anataka kuniona. Si kunisikia. Kuniona.

Nikasema ndiyo maana ninaharakisha nyumba.

Mama akachukua simu. Aliuliza kama ni kweli ina choo ndani. Nikasema kweli. Akasema hilo si jambo la kumwambia mtu. Akauliza upana. Mita mbili na nusu. Akanyamaza kama anayepima kitu mbele yake. Akauliza kwenda juu. Zaidi ya mita tatu na nusu, Mama. Akauliza tena upana, na Philomena nikamsikia anarudia kwa sauti, kama anaandika. Nilifurahi. Nilidhani anataka kujivunia kanisani.

Akauliza itakuwa Krismasi hii? Nikasema Krismasi hii.

Philomena aliporudi hewani akaniuliza, kaka Gela, na tiketi ya ndege ni shilingi ngapi siku hizi? Nikamwambia mtu haji na ndege kama ana nyumba ya kuleta.


Jumamosi, 18 Oktoba

Mbinu ya leo: kupata ushauri wa wataalamu bila kulipa. Nilivaa suti ya Sebastian ya misiba, yeye akabeba faili, tukaenda yadi ya magari kujifanya wafanyabiashara wanaotaka pikapu sita.

Kijana wa mauzo alituletea kahawa. Akauliza tela lina uzito gani likijaa. Nikasema tani nne na nusu. Akasema kwa uzito huo zote mbili zitavuta, tofauti ni mlima. Petroli itapanda ikipiga kelele, lakini itafika. Dizeli itapanda kama mtu anayekwenda kwa jirani. Na kushuka, dizeli yenye breki ya injini inalishikilia tela lisikusukume. Sebastian alinitazama kwa macho ya ushindi ambayo sitayasahau upesi.

Kijana akauliza mlima wenyewe una urefu gani. Nikasema mita elfu tano mia nane tisini na tano. Akaweka kalamu chini. Sebastian akaingilia kwamba sisi tunakaa chini kidogo.

Akataka kuniuliza habari ya bodi la nyuma. Nikamkata, injini kwanza. Akauliza jina la kampuni. Mimi na Sebastian tulijibu kwa pamoja, majina mawili tofauti. Kijana alitusindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Mtu wa adabu, yule.

Bei ya dizeli mpya ni bei ya kiwanja, nyumba na bibi harusi. Basi, hiyo imekufa.


Jumatano, 29 Oktoba

Nimenunua pikapu ya petroli. Ngugi anamjua mtu ambaye kazi imemwishia, na siku hizi wanaoishiwa kazi ni wengi. Nyekundu, milango minne, viti vya ngozi. Nilikaa nyuma ya usukani kwanza, sikuwasha. Nilimwona Mama anapandishwa mbele.

Rafiki wa Ngugi amefunga sahani ya chuma kwenye bodi. Inang'aa.

Gari haliingii kwenye maegesho ya chini ya jengo letu. Niligundua hilo nikiwa nimeshaingia nusu.

Sebastian amekasirika. Hapandi gari la petroli, anasema, mtu ana misimamo yake. Asubuhi alichukua basi la Eglinton. Alifika ghalani kabla yangu, maana mimi nilisimama kuongeza mafuta.


Jumamosi, 8 Novemba

Leo ilikuwa siku ya kulitoa tela kwa Feroz. Meli ni wiki ijayo.

Sebastian alinisamehe na kuja, na chupa yake ya chai. Markham asubuhi ni kimya, majani yameshazolewa, kila gari liko mahali pake. Nilirudi nyuma polepole, Sebastian akinielekeza kwa mikono miwili kama anayeshusha ndege. Shingo ya tela ikakaa kwenye sahani, ikashika kwa mlio mmoja. Feroz alinipigia makofi, akasema Mangi, ndivyo watuitavyo Wachagga, leo umekuwa dereva. Nazira alikuwa dirishani. Akapunga mkono. Si kwangu, kwa tela.

Tulikwenda moja kwa moja kama mita ishirini. Injini ilivuta bila kulalamika. Nikamwambia Sebastian, unaona? Akasema bado hatujapanda mlima.

Kisha nikakata kulia kuingia barabarani. Gari likageuka, tela likachelewa, na bega lake likaingia kwenye kabini kupitia kioo cha nyuma. Lote. Vioo shingoni, vioo kwenye chai.  Halafu Sebastian akasema taratibu kwamba hilo halikuwa tatizo la injini.

Feroz alileta futi kamba. Bodi langu ni futi tano na nusu. Kwa tela la namna ile lilihitajika la futi nane, ili shingo ipate nafasi ya kuzunguka. Ile milango minne na viti vya ngozi vimekula bodi. Mwezi mzima tulibishana mnyama anywe nini, hakuna aliyemtazama mgongo.

Majirani walitoka. Mmoja alipiga picha. Tela limechubuka puani, likarudishwa lilipokuwa. Meli itaondoka bila mimi.

Nyumbani sijasema.


Jumapili, 16 Novemba

Sikupiga simu. Philomena akapiga mwenyewe, jambo asilolifanya kwa sababu ya gharama. Alikuwa anacheka na kuhema. Akasema kaka, imekwisha, njooni tu.

Nikauliza nini imekwisha.

Barabara, akasema.

Naandika kama alivyosimulia. Kutoka barabara ya parokia hadi kiwanjani kwangu kulikuwa na kinjia cha ng'ombe mmoja, migomba huku, mibuni huku. Mimi nilijua. Nimekulia pale, nimekipita na mzigo wa majani kichwani kila jioni ya utoto wangu. Na katika jedwali langu la mistari kumi na miwili sikukiandika.

Mama alikiandika. Siku ile ya simu alimtuma Philomena akate mti wa mita mbili na nusu. Wakatembea nao njia nzima, wameushika huku na huku, na kila mgomba ulioguswa Mama akaufunga kitambaa. Thelathini na moja. Mibuni tisa, ile ya Baba. Akaita msaragambo, kazi ya pamoja, akapika pombe ya mbege, ukoo ukaja na mapanga na majembe. Siku tatu. Penye kaburi la Baba wakapinda kushoto.

Pale penye kona njia ilipungua nusu mita, na iliyobaki ni ya jirani wa chini. Mama na yeye hawajasalimiana tangu mwaka 1988, kwa sababu ya mpaka huo huo. Mama alikwenda kwake na jani la sale mkononi. Kwetu ukiletewa sale huwezi kukataa, hata kama aliyelileta alikuua. Alisimama mlangoni kwake, mwanamke wa miaka sabini na nane, akasema mwanangu analeta nyumba. Jirani mwenyewe akaung'oa mpaka.

Philomena akauliza meli imefika wapi.

Nikasema baharini.

Migomba ile ndiyo chakula cha Mama. Nilitaka kumuuliza watakula nini. Sikuuliza, kwa sababu angeniuliza kwa nini nauliza.


Jumamosi, 29 Novemba

Ghalani wamepunguza watu. Ngugi ameondolewa. Mimi na Sebastian tumebaki, kwa siku tatu za wiki. Ngugi alinipa mkono akasema, mzee, pole kwa lile bodi. Nikamwambia pole na wewe.

Feroz aliniita Markham. Nilidhani anataka tela liondoke. Akanikalisha, Nazira akaleta chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, nikaogopa zaidi. Sebastian ameshamwambia yote, ya macho na ya barabara.

Alisema hivi. Mangi, mimi ni mfanyabiashara, nitakuuzia hata hewa. Lakini kwa mama sifanyi biashara. Wa kwangu alikufa Moshi mwaka sabini na tisa, mimi nikiwa hapa nasubiri duka langu la huku lichangamke kwanza. Duka lilichangamka. Akasema atachukua lile pikapu langu jekundu, kioo atabadilisha, litambebea mashine za mazulia. Atanipa bei nzuri. Tela likae hapo hapo, Nazira ameshazoea kulichukia. Wewe chukua hela kata tiketi. Sebastian anaondoka kwenda Kilema tarehe kumi na sita, na kwenye ndege yake kuna nafasi, ameuliza.

Nazira akasema kwa ukali, nenda na mikono mitupu, baba. Anachotaka kukiona si mikono.

Nililia pale. Naandika ukweli. Feroz akaangalia pembeni, akasema tangawizi ya huku ni kali.

Nimerudi na hela kwenye soksi. Sebastian alinikumbatia kabla sijavua koti.


Jumamosi, 6 Desemba

Leo nilitoka kwenda kukata tiketi.

Nieleze vizuri, maana Sebastian hataki kunisikiliza. Njiani nilikuwa naiwaza ile barabara. Pana, nyekundu, mpya, katikati ya kihamba. Watu wamesimama huku na huku. Wametoa mapanga yao, wametoa siku tatu, jirani ametoa mpaka. Halafu natokea mimi. Kwa miguu. Na begi. Mtu mmoja wa upana wa nusu mita kwenye barabara ya mita mbili na nusu. Kama ningekwenda Oktoba, kile kinjia kingenitosha. Sasa nitapitaje?

Nikiwa nawaza hivyo, basi likapita mbele ya yadi ndogo. Na pale mbele, pikapu nyeupe, milango miwili, kuukuu kidogo. Nikashuka.

Nilikuwa na futi kamba mfukoni. Safari hii nilipima kwanza. Futi nane kamili.

Dizeli.

Nilikwenda kumwambia Feroz mwenyewe. Hakunigombeza.  Kisha akauliza ni ya mwaka gani, nikamwambia, akasema mhm.


Jumanne, 16 Desemba

Nilitaka kumpeleka Sebastian uwanja wa ndege kwa gari langu. Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Dizeli haikuwaka. Ina waya wa kuchomeka kwenye umeme usiku kucha ili injini ipate joto, na jengo letu halina soketi nje. Nilining'iniza waya kutoka dirishani kwetu. Tuko ghorofa ya tisa. Uliishia ya tano.

Sebastian akachukua teksi. Nimempa shuka la kumpelekea Mama, soksi za sufu, na picha yangu kubwa ya rangi. Aliipokea picha akaitazama sana. Akaniuliza kama ninajua kwamba hii ni picha. Nikasema najua. Akafunga mlango wa teksi polepole, kama mlango wa hospitali.


Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimechemsha ndizi za dukani, ngumu, hazina jina.

Sebastian amepiga simu kutoka Kibosho. Ametoka Kilema leo makusudi, baada ya misa ya kwanza. Nyuma yake nilisikia watu, na mbuzi.

Anasema Philomena amewaambia wote kwamba meli imepata hitilafu. Hakuna aliyeuliza meli gani. Anasema barabara ni nzuri kweli. Mama anaifagia kila asubuhi, kutoka kwenye parokia hadi kiwanjani, na hamruhusu mtu kuanika kahawa juu yake. Jani likidondoka halioni, analitafuta kwa mguu.

Sebastian alipojitambulisha kwamba anatoka Toronto, Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamvuta hadi kwenye mwanga wa mlango, karibu na jicho la kulia, lile lililopewa mwaka mmoja. Akamtazama muda mrefu. Akamuuliza mimi nimenenepa au nimekonda. Sebastian anasema hakujua jibu lipi litamfurahisha. Ile picha Mama ameiweka ndani ya blauzi.

 Sebastian akasema, Gela, bado kuna ndege mwezi wa kwanza. Philomena anauliza. Mimi nauliza.

Nikamuuliza barabara imewekwa kokoto au ni udongo mtupu.

 Kisha akasema udongo mtupu. Mvua ikinyesha ni tope hadi kwenye vifundo, na penye kaburi la Baba kuna mwinuko.

Basi, nimekaa na jedwali langu tena, na kwa mara ya kwanza halina ubishi. Kwa tope na mwinuko petroli isingefika. Nilikuwa sahihi. Nimefuta mistari yote sita ya upande wa pili.

Kilichobaki ni kidogo: betri, soketi, meli. Nategemea kuwa Kibosho Jumapili, tarehe 20 Desemba 2009, saa kumi alasiri, kabla jua halijashuka, ili Mama aione nyumba vizuri.